Bakuli la Bi Zuwena na Futari ya Jengo Zima

Wanangu, kabla hujashika bakuli la kaure, vua pete. Vua na bangili, na saa kama unayo, na ukivaa shati lenye vifungo vya chuma basi simama mbali kidogo na meza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoanzishiwa mimi. Najua nusu yenu mtacheka mseme kumbe huyu mama kazi yake Dubai ilikuwa kuosha vyombo. Ndiyo, ilikuwa kuosha vyombo, na nimestaafu nikiwa nayo, na sijuti hata siku moja.

Ila vyombo vyenyewe havikuwa vya kulia wali. Duka letu lilikuwa Oud Metha, chini ya jengo la zamani lisilo refu, na tuliuza kaure ya kale ya Kiingereza: vikombe, sahani, birika, na hasa mabakuli ya maua yenye ukingo wa dhahabu. Wanunuzi walikuwa watu wa kukusanya. Mtu wa kukusanya hanunui bakuli ili atie mchuzi. Analinunua aliweke kabatini, awashe taa, akae alitazame. Nilipofika kutoka Tanga niliwaonea huruma watu hao, nikadhani hawana ndugu.

Mwenye duka alikuwa Madam Perin, mwanamke wa Karachi, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku yangu ya kwanza nilikuja na bangili zangu zote, maana nilikuwa nakwenda kuanza kazi na mtu huanza kazi amependeza. Hakunikemea. Alitoa sahani moja mbovu, akanipa nishike. Ikalia kidogo tu, na pale bangili ilipogusa, dhahabu ya ukingo ikawa na mkwaruzo.

"Hiyo ni bangili yako inaongea," akasema. "Sasa iambie inyamaze."

Basi nikavua, na tangu hapo mikono yangu ilikuwa mitupu kazini. Wenzangu niliokuwa nao chumba kimoja walinicheka kwamba nimekwenda Dubai kutafuta dhahabu nikaishia kuivua.

Kuosha nako kuna elimu yake. Beseni liwe la plastiki, chini utandike taulo, na mdomo wa bomba uufunge kitambaa, kwa sababu vyombo vingi vya kale havikuvunjikia mezani, vilivunjikia kwenye bomba. Maji yawe vuguvugu. Bakuli usilishike ukingoni hata kidogo. Lipakate kwa mikono miwili, kitako kikae kiganjani. Ukimaliza, lifunike juu ya taulo kavu ulisahau. Mwenda pole hajikwai, na kwenye kaure mwenda mbio hulipia.

Ukitaka kujua kama ni zima, lisimamishe kwenye ncha za vidole na uligonge kwa ukucha. Zima linalia, na mlio unakaa hewani. Lenye ufa linasema "tak" kisha linanyamaza. Halafu lipeleke dirishani: kaure nzuri ukiiweka kwenye mwanga utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Madam yeye alikuwa na kipimo kingine, aligusa ukingo kwa jino. Pale fundi alipoziba pengo akapaka rangi juu yake, jino husikia ulaini. Pale pa kiwandani ni pagumu na baridi. Siku hizi kuna tochi ya mwanga wa zambarau inayofichua mambo yote hayo, na mwenzangu Wanjiru ndiye aliyekuwa fundi wa tochi. Mimi nilibaki na jino, ingawa sasa meno si yote yangu.

Nisisahau habari ya mifupa, maana mtaulizwa. Kaure hii ya Kiingereza imechanganywa majivu ya mifupa, ndiyo maana ni nyepesi na inapitisha mwanga. Mimi nilipoambiwa hivyo niliweka chini sahani niliyoshika nikaenda kunawa mpaka viwikoni. Mifupa ya nani? Madam alicheka mpaka akatafuta kiti. "Ng'ombe, Mwana! Ng'ombe!" Jina langu Mwanaidi yeye alilikata hivyo. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayewatuliza wateja, na nilikuwa nawaambia mapema kabla hawajauliza, kwa sababu mtu akigundua nyumbani kwake atadhani umemficha.

Alikuwapo pia msichana mmoja kabla ya Wanjiru, mwenye bidii sana, aliyefunga birika kwa utepe wa gundi ili kifuniko kisitoke safarini. Kifuniko hakikutoka. Mteja alipobandua ile gundi, dhahabu yote ikaondoka nayo, ikabaki birika jeupe na utepe unaometa. Dhahabu ya ukingoni imekaa juu juu tu, wanangu. Haipendi gundi, haipendi limau, haipendi mashine ya kuosha, na ukiiweka kwenye maikrowevu inatoa cheche.

Kazi ilibadilika sana simu zilipoingia. Zamani mteja alikuja, akakaa, akanywa chai, akashika kwa mikono yake. Mwishoni tulikuwa tunawauzia watu tusiowaona. Kulikuwa na bwana mmoja wa Dubai Marina aliyetaka arekodiwe mlio wa kila bakuli. Siku moja akatuandikia kwamba amesikiliza kwa makini na ana hakika bakuli moja lina ufa. Tukasikiliza tena na tena. Ilikuwa ni drili ya jirani aliyekuwa akitundika pazia.

Sasa nifike kwa Bi Zuwena, maana ndiye niliyemkusudia tangu mwanzo nikapotea njiani.

Bi Zuwena alikuwa mama wa Kizanzibari aliyehamia Dubai zamani na wazee wake. Alikuwa anakuja dukani kila baada ya muda, amejitanda vizuri, ananukia udi, na kila bakuli la maua alilolikuta alilifanyia jambo moja tu: aliliinamia akatazama ndani, chini kabisa. Kisha anashukuru anaondoka. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikamuuliza anatafuta nini humo ndani.

"Kipepeo," akasema.

Akanieleza. Utotoni kwao Unguja mama yake alikuwa na bakuli la Kiingereza la mawaridi na viua vya manjano, na ndani yake, chini, amechorwa kipepeo mdogo. Mama yao alifariki Bi Zuwena akiwa bado mtoto, na walipohama bakuli lilibaki huko wasijue limeishia wapi. Sasa dada yake mkubwa, Bi Thuwaiba, anayeishi Maskati, alikuwa akisema hapakuwa na kipepeo. Ubishi huo walikuwa nao tangu ujana mpaka wamekuwa mabibi wenye wajukuu.

Siku moja alimpigia simu mbele yangu, akaweka sauti kubwa ili niwe shahidi.

"Dada, nambie mbele ya watu. Bakuli la mama lilikuwa na kipepeo au halikuwa?"

"Halikuwa na kipepeo wala nzi! Zuwena, huchoki? Mama kafa wewe hujui hata kufunga kanga. Hayo yote unayoyajua ya mama tumekuhadithia sie."

Simu ilipokatika nilikuwa nacheka, nikamtazama, nikaacha. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Sikiliza, Bi Mwanaidi," akaniambia. "Kweli, mengi ya mama nimehadithiwa. Sauti yake nimehadithiwa, mwendo wake nimehadithiwa. Lakini kipepeo hakuna aliyenihadithia. Yule nimemwona mwenyewe. Kama hakuwapo, basi mie sina mama hata kidogo." Tangu siku hiyo na mimi nikawa kila likija bakuli la maua naliinamia ndani kabla hata sijatia maji kwenye beseni.

Likaja. Lilikuja Ramadhani, ndani ya kasha la vyombo vya familia moja ya Kiingereza iliyokuwa inahama nyumba. Nilikuwa nimefunga, kichwa kinaniuma kwa kukosa chai, nikalitoa kwenye karatasi na kulitumbukiza kwenye maji, na vumbi lilipotoka nikamwona: kipepeo wa buluu, si mkubwa kuliko ukucha, ametulia ndani, chini kabisa, karibu na waridi na jani lake. Nje mawaridi, viua vya manjano katikati yake. Nilipiga kelele, Wanjiru akadhani nimevunja. Sisemi lilikuwa lile lile la mama yao, viwanda vilitengeneza mengi ya namna moja. Lakini ua lilikuwa lile, na kipepeo alikuwapo.

Nikampigia Bi Zuwena. Nilipoanza tu kusema akanikatiza. "Usinambie kitu! Dada yuko kwangu, kaja kututazama, kesho kutwa asubuhi anarudi Maskati na anasema miguu yake haimruhusu tena safari. Nitakuja naye kesho jioni tufuturu hapo kwenu, tuone pamoja. Litunze, Bi Mwanaidi. Nakuomba."

Nikasema litatunzwa. Nikalifunika juu ya taulo likauke, nikaenda kusali alasiri, na kutoka hapo nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Hapo lazima niwaeleze kuhusu jengo letu. Ghorofa ya kwanza alikaa Mama Ashura wa Mombasa, ya pili Bi Ihsan, mama wa Kisudani, na juu kabisa wasichana wa Uganda waliokuwa wakifanya kazi mahotelini. Ramadhani ikiingia, kati ya alasiri na magharibi ngazi zilijaa sahani zinazopanda na kushuka. Na sheria ni ile mnayoijua wote: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Sheria hiyo nilimfundisha Wanjiru mwenyewe. Yeye ni Mkristo wa Nyeri, alikuwa hafungi, lakini alikuwa anatuheshimu kiasi cha kujificha kunywa maji nyuma ya makasha, na kila nililomfundisha alilishika kwa mikono miwili.

Asubuhi ya pili yake nikafika dukani. Taulo lipo, bakuli hakuna. Pembeni, kwenye rafu, limekaa bakuli la plastiki la Mama Ashura, la maua mekundu, ambalo juzi alituletea tambi ndani yake.

"Wanjiru," nikaita. "Ulirudisha chombo cha Mama Ashura?"

"Eeh, Auntie. Jana ukiwa kwa maombi. Nilikumbuka ulisema vessel ya mtu hairudi empty, so nikaweka mandazi zile nilinunua. Si ilikuwa imeoshwa, iko hapo kwa towel, iko na maua..." Akanitazama, akatazama rafu. "Woiye. Auntie. Aki woiye."

Madam alikuwa amekwenda Sharjah kutazama vyombo vya mtu, angerudi jioni. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha tukapanda ngazi.

Mama Ashura alifungua mlango akiwa na unga mikononi. "Kile cha dhahabu? Hata! Si changu kile, changu ki kwenu mpaka sasa, na nilikuwa naona haya kukidai. Nilishuka kuwarudishia, nikakuta duka mumelifunga. Nikasema hawa saumu imewachanganya, wameniletea cha Bi Ihsan, maana yeye ndiye mwenye vitu vya maua maua. Nikatia kaimati nikampelekea." Wanjiru akataka kukimbia juu papo hapo, lakini Mama Ashura hakutuacha tuondoke mikono mitupu, akatufungia viazi karai vya kufuturia.

Bi Ihsan naye alitukaribisha kwa furaha kubwa. Kiarabu changu ni cha dukani, lakini nilielewa. Alijua bakuli si lake. Alidhani Mama Ashura amekosea ghorofa na lilikuwa la wasichana wa juu, kwa kuwa nao walikuwa wakipokezana vyombo. Basi akatia sambusa akawapelekea wenyewe. "Yalla, yalla, chukueni na nyinyi," akasema, na tukatoka na mfuko wa sambusa juu ya viazi karai.

Mnaona mambo hayo? Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekaa nalo hata saa moja zaidi ya inavyostahili. Kila mtu alikuwa anamrudishia mwenyewe chombo chake, na kwa heshima. Nilipokuwa napanda ngazi za mwisho nilitamani jengo letu lingekuwa na mtu mmoja tu mchoyo.

Juu tuligonga, tukashuka, tukarudi tena na tena mpaka alasiri, ndipo tukamkuta msichana mmoja, Nakato, ameamka kutoka usingizi wa zamu ya usiku, macho mazito. "Bakuli ya maua? Eh, Auntie, ile nilikuwa naiweka kwa microwave, Prossy akanipigia kelele ati iko na gold!" Nikashika ukuta. "Hatukuwasha, Auntie, usiogope. Tulipakia wali na maharage tukampelekea Musoke. Yeye ndiye anapata vyombo vyote havina mwenyewe."

Musoke! Mlinzi wa jengo, mtu wa Masaka, ambaye kijumba chake kilikuwa mlango kwa mlango na mlango wetu wa nyuma. Tulikuwa tumempita mara kadhaa siku ile. Tena alituuliza kwa heshima ya kwao, "Nyabo, mnapanda mnashuka, mnatafuta nini?" na Wanjiru alinifinya mkono kwa aibu, nikajibu tunanyoosha miguu. Kuficha kwetu ndiko kulikotuzungusha siku nzima.

Tukashuka, Wanjiru akanitangulia dukani kuwapokea wageni. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Musoke akaingia ndani kwake akatoka nalo, amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kitako kiganjani, vile vile ninavyowafundisha watu. Nililitwaa nikaligonga kwa ukucha. Likalia, na mlio ukakaa.

"Hii bakuli nimeiogopa, nyabo," akasema Musoke. "Kijiko kikigusa inalia. Nikaacha kijiko, nikakula na mkono. Nikaosha na maji tu."

Nilitaka kumbusu. Badala yake nikageuka niondoke nalo, na yeye akanizuia. "Hapana, nyabo. Ilikuja na chakula. Haiwezi kutoka kwangu tupu." Nikamwambia wageni wanakuja, hili ni bakuli la kukusanya, si la kutiwa kitu. Akaniangalia kwa huzuni nikaona nimemvunjia heshima mtu aliyelinda kitu changu kuliko mimi. Ramadhani watu hupita wakigawa tende kwa walinzi, na Musoke, Mkristo asiyefunga, alikuwa nazo mpaka chini ya kitanda. Akalijaza tende, akazipanga vizuri, akaweka nyingine juu mpaka zikawa mlima. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nikapokea.

Nilikusudia kuingia kwa mlango wa nyuma, nimimine tende, nilioshe, nilikaushe. Lakini nilipofungua tu mlango, Bi Zuwena na dada yake walikuwa wameshaketi kwenye meza yetu ya nyuma, na Wanjiru amesimama kando yao anatabasamu bila kupumua.

Bi Thuwaiba alikuwa mwanamke mrefu, fimbo mkononi, wa kukagua kiti kabla ya kukikalia. Alinitazama na mzigo wangu.

"Ndilo hili?" akasema. "Zuwena, umenitoa kitandani nije kutazama tende?"

"Kipepeo yumo ndani, dada."

"Wewe mwenyewe hujaona ndani, ushajua yumo!"

Bi Zuwena akanitazama. Nikawa sina la kufanya ila kuliweka bakuli katikati yao, na hapo hapo adhana ikaita. Mtu aliyefunga hamimini tende pembeni adhana ikiita. Tukapiga bismillahi, tukaanza kula kutoka kwenye bakuli la kabatini. Wanjiru akafungua viazi karai na sambusa, akamwita na Musoke.

Tukiwa hivyo Madam Perin akaingia, bado na vumbi la Sharjah. Akaona bakuli, akaona mikono ikiingia na kutoka, na kokwa zimepangwa kwenye kisahani. Mimi nikatazama dari.

"Mwana," akasema, "hilo ndilo lenye kipepeo?"

"Ndilo, Madam. Ramadhani karim."

"Khalas, yameisha," akasema, akavuta kiti, akachukua tende moja kwa ncha za vidole.

Mlima ulishuka. Likaonekana waridi la ndani upande mmoja, kisha jani. Nilimwona Bi Zuwena amepunguza kula. Alikuwa anaogopa, wanangu. Mtu ameshikilia kitu kimoja maisha yake yote, na sasa kimebaki chini ya tende tano au sita. Nilitamani kumwambia kwamba nimeshamwona, lakini aliniomba nisimwambie.

Ilikuwa Bi Thuwaiba aliyechukua tende ya kati. Akaitia mdomoni, akainama, akaacha kutafuna. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akasogeza tende nyingine kwa kidole.

"Yupo," akasema.

Nilidhani Bi Zuwena atapiga kigelegele. Alijifunika uso kwa mtandio tu, mabega yakawa yanapanda na kushuka. "N'likwambia," akasema ndani ya mtandio. "Mie n'likwambia."

Bi Thuwaiba aliendelea kutazama ndani ya bakuli. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ile ya kwenye simu.

"Mie n'likuwa nakaa kwa bibi, Zuwena. Mtoto wa kwanza nikapelekwa kwa bibi, ndiyo ilivyokuwa. Nyumbani nikija, hili nikiliona juu ya kabati. Na kitu kilicho juu ya kabati huoni ndani yake."

"Lakini wewe ndiye uliyenihadithia yote ya mama."

"Nilikuhadithia niliyoyasikia kwa bibi." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa tena. "Mie kwa mama nilikuwa nakwenda sikukuu tu. Wewe ndiye uliyekaa naye. Wewe ndiye aliyekulisha mama kwa chombo hiki, mpaka ukakijua chini yake."

Wanjiru alikuwa analia waziwazi, na Musoke ametazama viatu vyake. Wanangu, miaka yote hiyo yule mama alikuwa akibishana kwa sababu mdogo wake alikuwa na kitu ambacho yeye hakupewa, na hakujua kukiomba.

Akaisogeza fimbo pembeni, akamgeukia mdogo wake.

"Nambie basi," akasema. "Akikulisha, alikuwa anakaa vipi?"

Bi Zuwena akajifuta macho. Akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha dada yake, akampitishia mkono wa kushoto mabegani, akamvuta amwegemee. Kwa mkono wa kulia akachukua tende moja ya zilizobaki.

"Hivi," akasema.

Bi Thuwaiba akafungua kinywa.